Ndoo Niliyokwenda Nayo Kujifungua

Mimba yangu ya pili ilipofika miezi minane nilimwambia mama mkwe kwamba hii nitajifungulia hospitali. Tulikuwa tunachambua maharagwe nje ya jiko lake. Hakuinua macho.

"Watoto wote wa boma hili wamezaliwa hapa," alisema, "na ni mimi niliyewapokea."

Ilikuwa kweli. Yeye ni mkunga, nyamrerwa kama tunavyomwita kwa Kijaluo, na upande wetu huu wa Awendo hakuna asiyemjua. Hata mwanangu wa kwanza alimpokea yeye, nyumbani kwangu, juu ya mkeka. Mtoto alitoka salama. Mimi nilitokwa na damu tangu asubuhi mpaka nikawa siwasikii walionizunguka. Mume wangu alisimamisha trekta ya miwa, nikapakiwa juu ya miwa hiyo kama mzigo hadi barabara kuu. Hospitalini waliniongeza damu, wakatoa kipande cha kondo la nyuma kilichokuwa kimebaki tumboni. Daktari alinionya nisithubutu kuzalia nyumbani tena, nami sikuhitaji kuambiwa mara mbili, maana sikutaka kufa.

Basi tukabishana siku tatu, mimi nikisema, yeye akinyamaza. Nilidhani anailinda kazi yake. Nilidhani anawaogopa wauguzi kwa kuwa hutukana, nikamwambia wakinitukana nitawajibu. Siku ya nne ndipo alipotoa lililokuwa moyoni.

"Nyar Rusinga," aliniita kwa kisiwa nilikozaliwa, kama anavyofanya anapotaka nisikilize. "Huko biero wanaitupa shimoni pamoja na za watu wasiojuana. Mtoto wako akiulizwa kwao ni wapi, ataonyesha shimo la hospitali?"

Biero ndiyo kondo la nyuma. Sisi huizika kando ya nyumba, na mtu akisema hapa ndipo kwetu, ana maana hapo hasa. Ya mwanangu wa kwanza mama mkwe aliizika kwa mikono yake, mtoto hata hajakauka vizuri. Sikuweza kumcheka. Yangu mimi iko Rusinga, nyuma ya nyumba ya mama yangu, na kila niendapo sipakanyagi mahali pale.

"Nitakuletea," nilimwambia.

Hakuniamini hata kidogo.

Uchungu uliponianza nilichukua ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia, ile yenye kifuniko cha kubana, nikaiosha kwa maji moto. Tulipanda bodaboda, mume wangu nyuma yangu ameikumbatia ndoo. Muuguzi aliyenipokea aliitazama.

"Mama, hiyo ni ya uji?"

"Ni ya kondo. Naenda nayo nyumbani."

"Hiyo kitu hatupeanangi. Inaenda kwa shimo."

"Basi sista, mtanisamehe. Bila hiyo mimi sitoki hapa, na kitanda chenu mtakihitaji."

Nilisema hayo nikiwa nimeushikilia ukuta, na nilimaanisha kila neno. Akaenda kumwita mkubwa wake.

Binti yangu alipozaliwa damu ilitaka kuanza tena. Safari hii kulikuwa na sindano, na mikono ya yule mkubwa iliyonikanda tumbo mpaka nikamtukana. Damu ikakoma. Alicheka tu, akalikagua kondo, akalifunga katika mifuko miwili, akalitia ndooni.

"Shimo liwe refu," aliniambia. "Mbwa wasifukue."

Kesho yake tulimkuta mama mkwe langoni. Alipokea ndoo kabla ya mtoto. Nilikasirika, nikamwambia mjukuu wake ni huyu, si ile. Alikwenda kando ya nyumba yangu alikokuwa ameshachimba, akapiga magoti, akafungua mifuko, akaitandaza biero juu ya jani la mgomba. Akaanza kuipapasa ukingoni polepole, akaizunguka yote. Nilifikiri anaiaga.

"Nzima," alisema.

Kisha, bila kunitazama, "Ile ya kwanza sikuiangalia. Nilikuwa na haraka ya kuizika."

Nilisimama pale na mtoto mkononi, hasira ikinipanda. Miaka mitatu alikuwa amekaa na jambo hilo, akinipikia, akinibebea mwanangu. Sikumwambia yamepita, kwa sababu kwangu hayakuwa yamepita.

"Zika, mama," nilimwambia. "Ukimaliza, nawa uje umbebe mtoto."

Alizika, akanawa, akaja.

Mwaka huu mke wa shemeji yangu, siku zake za kujifungua zikiwa zimekaribia, alikuja kumwomba mama mkwe ampokee mtoto hapa nyumbani. Mama mkwe aliingia kwangu bila hodi, akaitoa ile ndoo chini ya kitanda, akaisugua kwa jivu mpaka ikang'aa.

"Vaa viatu twende hospitali," alimwambia. "Hii nitaibeba mimi."