Jumamosi ya Anyitike Isiyo na Kitabu

Jambo la kwanza ambalo mtu hulitambua kwa Anyitike ni namna anavyokishika kitabu kipya. Haanzii mwanzoni. Hukigeuza, akalowesha kidole kwa ulimi, akafunua ukurasa wa mwisho kabisa na kuusoma akiwa wima, ndipo akarudi mbele. Waliomwona akifanya hivyo kwenye kibanda chake cha kutolea kopi pale Iyunga, Mbeya, walidhani anahakikisha kwamba kitabu hakijanyofolewa kurasa, maana vitabu vya mtumba vina maradhi hayo. Walimsifu kwa umakini. Naye hakuwasahihisha.

Alikuwa na shahada ya ualimu iliyokaa mwaka wa tano bila ajira, na mashine mbili za kopi, moja ikiwa mgonjwa wa kudumu. Kutwa alitoa kopi za vyeti vya watu wengine waliokuwa wakienda kuomba kazi. Lakini kila Jumamosi saa mbili asubuhi Anyitike aligeuka mtu mwingine. Alikuwa na blogu ya kuchambua vitabu vya Kiswahili, iliyoitwa Mpaka Ukurasa wa Mwisho, na chini ya jina hilo aliandika kanuni yake: "Sichambui nisichokimaliza." Kwa Jumamosi mia moja arobaini na sita hakuruka hata moja. Watu elfu tatu walimsubiri, na tuseme ukweli, wengi wao hawakuwa wakisubiri vitabu. Walisubiri damu.

"Kesho anachinjwa nani, dada?" waliuliza tangu Ijumaa jioni.

Anyitike hakuwanyima. Hapo ndipo alipokuwa mtu. Pale kibandani aliitwa "wewe wa kopi"; kule kwenye blogu watu wazima walimwogopa.

Kisha vitabu vikaisha.

Havikuisha siku moja. Kwanza lilikauka kabati lake mwenyewe, kisha la walimu wa sekondari ya jirani, kisha meza ya muuza vitabu vya mtumba wa Mwanjelwa, ambaye sasa alikuwa akimwona kwa mbali anatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Waandishi wachanga waliokuwa wakimtumia kazi zao waliacha. Nani ampeleke mwanawe kwa mchinjaji mara mbili? Alikwenda hata parokiani, na padre akamfungulia rafu iliyobaki na pengo kama kinywa cha bibi kizee.

"Kimebaki kitabu cha nyimbo, binti," padre alisema. "Au na huko kuna wimbo usiokufurahisha?"

Jumamosi iliyofuata Anyitike alichambua kijitabu cha ufugaji wa kuku wa nyama. Alijitahidi sana. Chini yake msomaji mmoja aliandika, "Dada, kuku hawana kisa. Ukiishiwa sema." Mia mbili wakaipenda kauli hiyo, wengi kuliko waliowahi kuupenda uchambuzi wake wowote mwezi ule. Akabakiwa na siku sita na hana kitu mkononi.

Jumatatu ukaingia ujumbe. "Dada Anyitike, baba yangu ana kabati la vitabu vya Kiswahili, kama mia nne hivi. Kasikia umeishiwa. Anasema uje uchague. Faustina Kalinga, Ruaha Mbuyuni."

Mia nne! Hiyo ni miaka saba na zaidi ya Jumamosi. Furaha ilimpanda mpaka akaweka karatasi kichwa chini kwenye mashine. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba jina Kalinga amewahi kukutana nalo, na alipokumbuka, akaizima mashine.

Miaka miwili nyuma, mwalimu mstaafu aitwaye Vitus Kalinga alimtumia kitabu chake, Mfereji wa Pili, alichokichapisha Iringa mjini kwa fedha ya vitunguu vyake. Zilitoka nakala mia moja tu, na ndani aliweka kikaratasi kwa mwandiko wa ubaoni: ukimaliza, tafadhali nirudishie, zimebaki chache. Anyitike aliandika kwamba katika kitabu kile hakuna linalotokea; maji yanaingia shambani, maji yanatoka. Aliandika kwamba Evarista, mke wa msimuliaji, ni mhusika mzito kama jiwe la kinu, hatamki neno mpaka mwisho. Akamalizia kwa sentensi iliyosambaa kuliko zote alizowahi kuandika: "Mwalimu arudi shambani. Vitunguu vyake vitatutoa machozi kwa haki kuliko hadithi yake."

Kitabu alikirudisha kwa basi, kama alivyoombwa.

"Mzee kasamehe," alijiambia. "Asingeniita." Mtu mwenye njaa hachelewi kuamini.

Jumatano alifika Ruaha Mbuyuni jua likiwa kichwani. Faustina alimpokea barabarani, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mabegani ana nyavu za vitunguu alizokuwa akiwakimbizia abiria wa mabasi.

"Kamwene, dada," Faustina alimsalimu kwa Kihehe. "Ndiye wewe? Mbona mdogo hivi? Sisi tulidhani una pembe."

Walicheka wote wawili, Anyitike akicheka zaidi.

Njiani dereva wa bodaboda aliwapita akapiga kelele, "Faustina, muulize Mwalimu Machozi leo bei ikoje!"

"Mwalimu Machozi?" Anyitike aliuliza.

"Baba. Ni jina ulilompa wewe. Hata watoto aliowafundisha kusoma wanamwita hivyo."

Anyitike alimpokea wavu mmoja, akaubeba mpaka nyumbani.

Mwalimu Vitus alikuwa uani, chini ya kibanda cha nyasi, ambako wanawake wanne walikuwa wakichambua vitunguu, vizima huku, vilivyooza kule. Alivaa shati lililopigwa pasi na viatu vyeusi vya darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Kaa. Umekula?"

Alilishwa ugali na samaki wa mtoni, akaulizwa habari za Mbeya, za mvua, za wazazi. Kisha akafunguliwa mlango wa ndani, akaliona kabati. Vilikuwemo. Vilijaa mpaka juu, vimevikwa karatasi za kaki, vimeandikwa migongoni kwa kalamu nyekundu, na vingine hajawahi kuvisikia. Anyitike alinyosha mkono.

"Bado," alisema Mwalimu kwa upole. "Kuna kazi ndogo kwanza. Twende uani."

Alimwekea mapajani nakala ya Mfereji wa Pili na, juu yake, kisu cha kukatia shina la vitunguu.

"Ndiyo ile ile uliyonirudishia. Soma ukurasa wa thelathini na tatu. Kwa sauti, na hawa mama wasikie."

Anyitike alifunua. Wa thelathini na mbili ulikuwepo. Uliofuata haukufunguka. Karatasi zilikuwa zimekunjwa na kuungana juu, kama bahasha isiyofunguliwa, moja baada ya nyingine, mpaka karibu na mwisho. Hapo alikumbuka. Mashine ya kukatia ya mchapaji iliharibika, na kikaratasi cha Mwalimu kilieleza hilo pia: tafadhali tumia kisu. Wakati ule aliisoma mistari miwili ya juu ya kikaratasi, akaruka huo wa tatu.

Wale wanawake waliacha kuchambua.

"Kwanza niulize swali la darasani," alisema Mwalimu Vitus. "Evarista ni nani humu?"

Angeweza kukiri. Lakini alikuwa na macho ya wanawake wanne, kabati nyuma yake na Jumamosi mbele yake, na ukurasa wa mwisho ulikuwa kichwani mwake: mwanamume ananawa mikono mferejini na kumwambia Evarista lala salama. "Ni mke," alisema. "Mke wa msimuliaji."

Faustina aliweka chini wavu wake. "Ni dada yangu," alisema. "Alikuwa na miaka sita."

"Kata," alisema Mwalimu.

Anyitike akakata. Kisu kilikuwa bado na maji ya vitunguu. Alikata ukurasa mmoja, akausoma. Akakata wa pili, akausoma. Mfereji wa pili ulichimbwa na wanakijiji ili mashamba ya juu yapate maji, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyepima njia yake kwa kamba ya shuleni. Siku ya kuufungua, maji yalikuja kwa nguvu kuliko alivyopiga hesabu. Watu wakashangilia, wakapiga vigelegele, na katika vigelegele vile hakuna aliyesikia mtoto akiita. Ilichukua kurasa ishirini na nne kumpata. Hakuna neno la ziada hata moja. Kilikuwa kitabu kizuri kuliko vyote mia moja arobaini na sita, na Anyitike, ambaye hakuwa mjinga, alilijua hilo kwa kila ukurasa aliokata.

Machozi yalimtoka, akajifuta kwa mkono ulioshika kisu, macho yakawaka moto, yakatoka zaidi.

"Tazama!" alisema mama mmoja. "Analia! Ni hadithi au ni kitunguu?"

"Muulize yeye, ndiye fundi wa kupima machozi!"

Uani pote palicheka. Mwalimu Vitus hakucheka. Alikuwa akifuatisha maneno kwa midomo, kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi akisoma, na kila alipokosea alimsahihisha.

Anyitike alipomaliza, mzee aliingia ndani akafunga kabati kwa ufunguo. "Andika upya," alisema. "Nikikisoma chote ulichoandika, mpaka mwisho wake, nitakutumia mzigo kwa basi la Jumamosi."

Jumamosi ile Anyitike aliandika aya kumi na tisa. Alisema hakusoma. Alisema vipo vingine ambavyo hakuvisoma. Alimtaja Evarista kwa umri wake. Hakuwahi kuandika kwa ukweli namna ile, na hakuwahi kusomwa na watu wengi namna ile. Walikuja kwa maelfu. "Mwizi wa Jumamosi zetu," aliandika mmoja. Aliyependwa kuliko wote aliandika, "Dada arudi kwenye kopi. Huko angalau kurasa zote zinatoka." Kufikia Jumatatu wateja walikuwa wakihesabu karatasi mbele yake. "Umefika mpaka wa mwisho, dada? Hakikisha."

Kilichobaki kilikuwa kabati. Alimpigia Faustina.

"Baba anasoma," alisema Faustina. "Nimemchapia kwa herufi kubwa. Anasoma aya moja kwa siku."

"Moja?"

"Jana alifika ya tatu, akasema hajaielewa vizuri. Karudi mwanzo."

Jumamosi ya kwanza ikapita bila kitabu, na ya pili, na ya tatu. Blogu ilikaa kimya kama nyumba iliyohamwa. Anyitike alihesabu aya kama wengine wanavyohesabu miezi ya mimba. Ijumaa ya nne Faustina aliandika, "Kamaliza. Kasema, hewala. Kesho napakia mzigo, upokee stendi ya Nane Nane saa kumi na mbili jioni."

Anyitike alijibu papo hapo: "Asante sana dada! Ni boksi la vitabu au ni wavu?"

Alama mbili zikageuka buluu. Jibu halikuja, wala asubuhi halikuja.

Sasa ni saa kumi na moja u nusu, yuko stendi ya Nane Nane tangu saa nane mchana, amevaa gauni la mahafali. Basi limeshapita Chimala. Amekodi mkokoteni mzima, kwa kuwa vitabu ni vizito, na mwenye mkokoteni, Ezron, anamuuliza kwa mara ya tatu wanakuja kubeba nini.

"Utaona," anasema Anyitike, shingo ameinyosha kuelekea Uyole. "Subiri tu buti lifunguliwe."