Mtoto Aliyeendelea Kukua Kwenye Karatasi Zangu

Admin, jina langu lifiche kabisa. Nimebakiwa na meno manne na bado nayataka. Wajukuu mnaosoma, mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, nilifiwa na mke, naishi Isiolo. Shule niliacha darasa la nne na mwalimu akamshukuru Mungu.

Miaka ya themanini mwanzoni kulikuja mama mtafiti, tukimwita Daktari. Akaniajiri kupima watoto kila mwezi kwenye maboma kumi upande wa Ngaremara. Unatundika mizani mtini, unamvisha mtoto ile suruali ya kitambaa, unamning'iniza, unasoma kilo. Daktari alikuwa mkali juu ya jambo moja. "Mtoto mmoja ukimpima mara sita hajawa watoto sita," aliniambia. "Na watoto wa boma moja wanakunywa maziwa ya mifugo ile ile. Ukishaona mmoja amenona, ndugu yake hakuambii mengi mapya. Kwa hivyo kila kipimo kiwe na namba ya boma, ya mama na ya mtoto. Usichanganye." Nikajibu ndio madam, huku nikiwaza chai.

Chai ilikuwa kwa Mzee Guyo, Mborana mwenye ngamia wengi, boma la kwanza kutoka barabarani. Maboma yale mengine yalitaka miguu na jua, na mimi nilikuwa na viatu vipya. Basi nikawapima watoto wa Guyo asubuhi, nikawapima tena wakishakula, kisha kwenye karatasi kilo zao nikazigawa kwa watoto wa maboma yote kumi.

"Wewe, watoto wangu unawapima kama mbuzi wa soko la Oldonyiro," Guyo alinicheka. "Unamuuzia nani?"

"Nanenepesha wilaya nzima, mzee."

Tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Boma la mwisho lilikuwa la Nakiru, Mturkana, mjane wa watoto wawili. Nilifika kwake mara moja tu, kuandika majina. Tukikutana mjini ananiuliza, "Bwana mizani, kwangu unakuja lini? Mbuzi wamekauka maziwa."

"Mwezi ujao, dada."

Mvua ikakataa. Daktari akapeleka karatasi zangu kwa wakubwa: maboma kumi, watoto wote mstari wa kilo unapanda. Wakubwa wakasema basi, chakula cha msaada kiende kwingine kwenye shida. Hakuna aliyejua yale maboma kumi ni boma moja lenye ngamia.

Hapo ndipo nilipotembea. Nikafika kwa Nakiru na mizani begani. Mbuzi hakuna, moto hakuna. Mtoto mdogo amelala mapajani mwake, macho wazi, bado anahema. Pembeni, rundo dogo la mawe. Ekai, yule mkubwa, alikuwa chini yake.

Nakiru akanitazama. "Sasa umekuja kupima nini?"

Wajukuu, ubaya wenyewe ndio huu. Niliogopa mstari wa Ekai ukikatika Daktari ataniuliza. Nikarudi nyumbani nikamwandikia kilo. Mwezi uliofuata nikamwongeza. Mwaka mzima, mtoto yuko chini ya mawe na kwangu ananenepa.

Nakiru bado yuko hai. Tunaishi mtaa mmoja, Chechelesi. Anadhani kosa langu lilikuwa kuchelewa tu, na hilo alishanisamehe. Nikiugua ndiye anayeniletea uji.

Wiki jana akaja msichana wa chuo kikuu na karatasi zile zile za Daktari. Anatafuta wale watoto, aone wamekuwa watu wazima wa namna gani. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Babu, huyu wa boma la kumi hakutetereka hata mwaka wa njaa. Nataka kujua mama yake alimlisha nini. Ijumaa unipeleke."

Leo ni Jumatano. Nikisema mama yule alihama, uongo wangu utaenda kufundishwa kwa watu wengine wenye njaa. Nikimwambia Nakiru ukweli, nitakuwa nimemzika Ekai mara ya pili, na safari hii atajua ni nani aliyeshika jembe. Nikinyamaza, ataonyeshwa kilo za marehemu wake na mgeni anayetabasamu.

Nitukaneni kwanza, nastahili. Mkimaliza mniambie: kesho nikibisha mlango wa Nakiru, nianze na neno gani?