Chale za Bibi

Bibi yangu mzaa baba ni Mngbaka, wa misitu ya kaskazini ya Kongo. Babu, Mwomani aliyekuwa akiuza nguo huko, alimwoa akaja naye Maskati, na Kiswahili amejifunzia hapa kwa majirani waliotoka Unguja. Ana mstari wa chale zilizovimba kama punje za mtama, kutoka juu ya paji mpaka puani. Alikuja na kinyago cha kuvaa usoni, cha gaza, ndiyo jando na unyago wa kwao. Nacho kina mstari uo huo.

Posa yangu ilipokaribia, nilitaka picha kubwa ya bibi ikae sebuleni kando ya ile ya marehemu babu. Nikampeleka studio, Wadi Kabir, nyuma ya magereji. Alipotangulia nje, nikamnong'oneza mpiga picha amsafishe uso pichani, chale zisionekane. Sina la kujitetea, niliona haya. Wakwe zangu watarajiwa ni watu wa kumuuliza mtu asili yake hata kahawa hajanywa.

Picha ikaja, bibi uso laini kama yai. Nikaitundika mwenyewe na kujiona mjanja.

Bibi akaitazama. "Nnakuuliza, nani huyu?"

"Wewe, bibi."

Akakiteremsha kinyago ukutani, akakishika kando ya picha. "Hata mti huu umefanana na mimi kuliko huyo. Nimekaa msituni, nimepakwa udongo mweupe, nimechanjwa, nikatoka mtu mzima. Leo weye wanirejesha utotoni?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake asubuhi nilirudi studio, nikachapiwa picha ya asili, chale zote mahali pake.

Siku ya posa mama mkwe hakukawia. Halua ingali mdomoni, akainyooshea picha kidole. "Na hizo za usoni, bibi?"

Mwari hasemi mbele ya wakwe, najua. Lakini nilimwahi bibi. "Za gaza. Alichanjwa akiwa msichana, na hakutoa hata chozi!"

Wanawake wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa na furaha tele, posa ivunjike ikitaka.

"Muongo huyu," bibi akasema, akimsogezea mama mkwe kahawa. "Nililia mpaka ndege wakahama. Ila sikukimbia."