Twaibah Hakunywa

Twaibah hajaonja pombe tangu azaliwe. Muulize yeyote pale Malukhu, Mbale, alikokulia. Mwislamu, mjane, mama wa watoto wawili, askari wa gereza moja huko Jinja. Na bado mkubwa wake, Afande Wamboga, alimwita mlevi mbele za watu!

Kilichomponza ni mikono. Ilianza kutetemeka hadi chai inamwagika kabla haijafika mdomoni. Basi Wamboga akazua mtindo wake: kila asubuhi kwenye paredi anamtoa mstarini, anamsogelea uso kwa uso. "Puliza!" Twaibah anapuliza. Hanuki kitu. Mwenye akili angenyamaza. Wamboga akasema mlevi mjanja hutafuna karafuu. Wenzake wakacheka. Afande akaapa kwamba mikono ikitetemeka siku ya mtihani wa kulenga shabaha, Twaibah hana kazi. Na ni kazi hiyo iliyowalisha watoto.

Ishara zilikuwa wazi, jamani! Alikula posho, yaani ugali, sahani mbili na bado sketi ya yunifomu inamshuka kiunoni. Wengine wamevaa sweta, yeye jasho linamtiririka. Akilala, moyo unamwenda mbio kama aliyefukuzwa na mbwa. Macho yakamtoka, hasira zikawa karibu. Wakanong'ona ukimwi, akapima, hana. Wakarudi kwenye pombe.

Alipokwenda Malukhu kuwaona watoto, mama yake, Jaliah, hakuuliza habari za pombe. Alimvua ushungi ambao Twaibah hakuuacha hata kazini, na pale kooni akaona uvimbe.

"Mwanangu, hii nini? Twende hospitali, sasa hivi!"

Tabibu, mama mmoja aitwaye Topista, alimpa maji ameze, akautazama uvimbe ukipanda na kushuka, kisha akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka alieleza: tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, na mwili wote unakimbizwa nayo.

"Ikilegea, mambo yanageuka," alisema. "Mtu ananenepa, anasikia baridi, anasinzia mchana, halafu wanamwita mvivu. Huyu mlevi, yule mvivu! Nimechoka, wallahi nimechoka!" Topista ni Mkristo, lakini hasira haichagui kiapo.

Twaibah akapewa mapumziko na dawa za kila siku, akawa anarudi kupimwa. Taratibu moyo ukatulia, mikono nayo ikatulia. Siku ya shabaha ilipofika, risasi zake zote zilipata.

Wamboga akafurahi, akamwita mbele. "Mnaona? Huyu dada ameacha pombe. Mpigieni makofi!"

Makofi yakapigwa.

"Afande, sikuacha kitu. Sikuwahi kunywa. Nilikuwa naumwa, na wewe ukanifanya kichekesho."

"Haya, yaishe. Rudi mstarini."

Hakusogea. "Ulinitangaza mlevi mbele yao. Nitangaze mgonjwa mbele yao."

Wamboga akakohoa, akatazama viatu vyake. "Alikuwa mgonjwa," akasema.

"Wale wa nyuma hawajasikia, afande," akasema Twaibah.