Simu ya Kupigia Mizani Picha

Mwenye shamba alikuja Jumapili baada ya kanisa na hakuingia nyumbani. Alisimama mahali mistari ya chai inapoanzia, akamwita mama huko huko. Ni mwalimu mstaafu, anakaa Kericho mjini, na sisi tunakaa kwenye shamba lake huku karibu na Merigi. Mama huchuna majani, hupalilia, hupeleka majani kituoni yapimwe kabla lori la kiwanda halijafika. Analipwa kwa kilo, na nyumba ya mabati tunayokaa inakuja na kazi. Wazazi wangu walitoka upande wa Kisii nikiwa sijazaliwa. Baba alikuwa kwenye estate, shamba kubwa la kampuni ya chai, mpaka mashine za kuchuna zikaletwa, halafu akaenda kutafuta kazi mbali, na hupiga simu akikumbuka. Naandika tu ilivyo.

Mwalimu alisema mvua ya mwezi uliopita ilikuwa nyingi lakini majani yalikuwa machache.

"Mimi sisemi umeuzia mangirito," alimwambia mama. Mangirito ni wale wanunuzi wa kando ya barabara, wenye pikapu, wanaolipa papo hapo bila kuuliza majani ni ya nani. "Sisemi hivyo. Lakini yule alikuwa hapa kabla yako aliwauzia. Sasa nataka picha. Kila ukipima, upige mizani picha, unitumie siku hiyo hiyo."

Mama alitoa simu yake mfukoni. Ni mulika mwizi, ya vibonyezo, na tochi yake ndiyo kitu kizuri ilicho nacho.

"Na simu yangu ndio hii, Mwalimu."

"Basi tafuta ingine. Mwezi ukianza bila picha, nitatafuta mtu ako na simu."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni ya mtu wa shamba."

Aliondoka. Mama alirudi kwenye sufuria aliyokuwa akiisugua, akaisugua mpaka ikaisha masizi yote, hata yale ya chini ambayo huwa tunayaacha.

Ijumaa aliuza mbuzi. Tulikuwa naye mmoja. Hivyo ndivyo bajeti ilivyopatikana, na mama aliisema wazi: simu ikizidi mbuzi, tunarudi nyumbani mikono mitupu.

Kulikuwa na jambo lingine la laini. Sisi tunakaa bondeni. Laini ya watu wengi, ambayo mama hupokelea pesa, haishiki nyumbani kabisa, mpaka upande juu kwenye josho la ng'ombe. Laini ile nyingine, ambayo watu huicheka, inashika vizuri nyumbani na hata kituoni. Kwa hiyo mama ana zote mbili na hawezi kuacha hata moja.

"Wewe ndio umesoma," aliniambia. "Utaniambia hii ni nzuri, hii ni mbaya."

Niko Form Three, shule ya kutwa. Sina simu, nimeshika za wasichana wa darasa letu tu. Na dukani siongei. Sijui ni kwa nini. Mtu nisiyemjua akinitazama, maneno yanakaa pale pale yalipo. Mama amezoea. Mimi humnong'onezea yeye, naye hutangaza.

Duka la kwanza pale Bomet lilikuwa na muziki mlangoni na vioo kila mahali. Kijana wa fulana nyekundu alitupokea kama watu waliokuwa wakingojewa.

"Mathe, karibu! Hii unalipa kidogo kidogo kila siku, na leo unaenda nayo."

Simu yenyewe ilikuwa inang'aa mgongoni kama mdudu. Mama aliigeuza, akajiona, akarekebisha kitambaa cha kichwa. Niliona ameshaipenda. Mimi nilisoma kartoni, kisha nikamvuta sweta.

"Anasema inaingia laini moja tu, ile ya watu wengi!" mama alitangaza. Watu wawili waliokuwa wakinunua chaja waligeuka.

"Ni kweli, lakini hiyo si ndio laini ya maana?" kijana alisema. "Hiyo ingine ni ya nini?"

"Ni ya nyumbani kwangu."

"Si uhame, mathe?"

Walicheka. Mama pia alicheka. "Nilipie kodi nihame."

"Na huyu msichana wako, mbona haongei? Ameishiwa na bando?"

Niliangalia kartoni. Kulikuwa na maandishi mengine madogo chini. Nikamvuta mama sweta tena.

"Anasema siku usipolipa, inajifunga!"

"Ukilipa inafunguka."

"Sasa sikiza," mama alisema, na aliweka simu chini polepole. "Mvua ya mawe imenyesha. Majani yamechanika, sina cha kuchuna, sina pesa. Simu imejifunga. Picha haiendi. Mwalimu ananifukuza. Hii unaniuzia ni simu ama ni askari?"

Kijana alisema atupunguzie. Mama alisema askari hapunguzwi. Tukatoka.

Duka la pili lilikuwa nyuma ya wauza viazi, chumba chembamba cha mama mmoja aliyehamia huku kutoka upande wa Nyeri. Anauza simu, betri, redio, na pia anatengeneza zilizoharibika. Hakusema karibu. Aliangalia viatu vyetu, akaangalia mama, akauliza, "Unataka ya kufanya nini?"

Kijana wa kwanza hakuwa ameuliza hivyo. Mama alimwelezea yote, ya Mwalimu, ya mizani, ya bonde na ya mbuzi. Yule mama alisikiliza huku akichokonoa simu ya mtu kwa sindano.

"Haiya. Basi kamera ya maajabu hutaki. Unataka namba zionekane."

Alitoa tatu. Moja ilikuwa na kioo kikubwa na bei ndogo, lakini mwenyewe alisema ina nafasi kidogo, itajaa picha na kuanza kulala. Ya pili ilikuwa imetumika ng'ambo, ya jina kubwa, kamera yake safi kuliko macho. Betri yake ndiyo ilikuwa mzee. Kwetu stima ikipotea hujui itarudi lini. Ya tatu ilikuwa nene, fupi, ya jina ambalo hakuna mtu amewahi kulisikia, mpya, laini mbili, betri ya siku mbili.

Nilifikiri sasa tutachagua. Lakini mama aliingiza mkono kwenye mfuko wa sweta akatoa ngumi nzima ya majani mabichi. Alikuwa ameyachuna asubuhi tukitoka. Akaanza kuyasugua kwa vidole na vidole gumba, kwa nguvu, mpaka utomvu ukatoka na ngozi ikawa ya kijani halafu nyeusi nyeusi, vile huwa akiwa kazini.

"Mama, unachafulia watu duka," yule mama wa simu alisema.

"Nataka kujua kama itanijua nikiwa kazini. Ya kanisani itanijua, lakini siendi kupima majani na mikono ya kanisani. Nipatie maji kidogo pia. Huko huwa kuna umande."

Alipewa maji kwenye kifuniko cha chupa. Simu ya kioo kikubwa haikusikia kidole hata kimoja. Ile ya ng'ambo ilisikia, lakini vibaya. Ilifungua kikokotoo, halafu redio, halafu ikaanza kupigia namba ya polisi, na mwenye duka akainyakua. Ile nene nayo ilinyamaza. Walijaribu kumwandikisha alama ya kidole, ikasema kidole hakitambuliki, tena na tena. Haikuwa utomvu peke yake. Vidole vya mama vimelika. Hata wakati wa kupiga kipande kipya, kitambulisho, walimsumbua kwa hiyo mashine yao ya vidole.

"Shosho yangu alikuwa hivyo," mwenye duka alisema. "Alichuna Limuru mpaka akazeeka. Hata panya angeiba mkate hapa, angeacha alama nyingi kuliko yeye." Walicheka wote wawili. Akampa mama sabuni na kumwonyesha beseni nje, nyuma ya duka.

Nilibaki na zile simu. Nilifungua kamera ya ile nene na kuibonyeza bonyeza kila mahali, na nilipobonyeza kidude cha pembeni, kile cha kuongeza sauti ya muziki, ikapiga picha. Nikabonyeza tena. Picha tena. Hiki hakihitaji kidole kisafi. Ukitaka unaweza kukibonyeza kwa kijiti.

"Hii kibonyezo ya sauti inapiga picha," nilisema.

Mama alikuwa bado nje. Hakukuwa na mwingine wa kumnong'onezea.

"Kumbe hii mtoto inaongea," mwenye duka alisema. Hakunitazama, na hiyo ilisaidia.

Mama aliporudi alijaribu. Alipiga dari, viazi vya jirani na viatu vyangu. Simu ilizidi mbuzi kidogo. Mama alisema mbuzi alikuwa mdogo lakini wa heshima. Mwenye duka alisema simu pia ni ya heshima. Walivutana hivyo mpaka bei ikashuka ikalingana na mbuzi, na kava tukanyimwa.

Nyumbani nilimfundisha. Kubonyeza kidude cha kuwashia mara mbili, kamera inafunguka yenyewe. Kidude cha sauti, picha. Basi. Kutuma kungefanywa jioni, mikono ikiwa safi, kwa ile laini inayochekwa na watu, inayoshika bondeni. Alipiga birika picha, akapiga kuku, akapiga saa ya ukutani na kuangalia kama dakika zinasomeka. Zilisomeka.

Siku ya kupima ya kwanza nilikuwa shule. Niliporudi jioni alikuwa ameketi mlangoni, mikono ameiosha, simu ameiweka juu ya kikapu kilichogeuzwa.

"Nimepiga," alisema. "Nimepiga mingi. Tuma."

Nilifungua. Picha ya kwanza ilikuwa uso wa mama, kutoka chini, midomo ameibana kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Ya pili ilikuwa uso wa mama. Zote zilikuwa uso wa mama. Kwenye shavu alikuwa na tope, na kwenye nyusi matone ya mvua. Kamera ilikuwa imegeukia upande wake, ile ya selfi.

"Hukuona?" nilimuuliza.

"Kuona nini? Nilikuwa naangalia mizani. Kioo kilikuwa na maji." Alizitazama zote, moja baada ya nyingine. "Obe. Nimezeeka hivi?"

Lori lilikuwa limeshaenda na majani. Hakukuwa na kitu cha kurudia. Nilimwambia tungoje tumwelezee Mwalimu kwanza. Alikataa.

"Alisema siku hiyo hiyo. Tuma hivyo hivyo."

Nilichagua ile ambayo nyuma yake kulionekana bati la kituo, ndoano ya mizani na gunia likining'inia, na mkono mmoja wa koti la buluu. Namba hazikuonekana hata moja. Ikaenda. Mama alichukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe wa Mwalimu, ingawa ng'ombe alikuwa na majani.

Mwalimu alipiga simu kabla mama hajarudi. Nilikimbia nikampelekea, nikaweka sauti kubwa.

"Hii ni nini umenitumia?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Naona ni wewe. Mizani iko wapi?"

"Iko nyuma yangu. Hiyo inaning'inia ni gunia yako."

"Na huyu wa koti ya buluu?"

"Ni karani. Yule wa siku zote."

Niliangalia kioo kuona kama laini imekatika. Haikuwa imekatika.

"Kuna jirani yangu hapa mjini," Mwalimu alisema, "mtu wake wa shamba anamtumia mizani kila wiki. Namba safi kabisa. Juzi tu ndio amejua ni picha moja, inatumwa tu tena na tena. Majani yote ilienda kwa mangirito. Mvua ya leo imenyesha mpaka huku. Hiyo maji iko kwa uso yako ni ya leo. Hiyo siwezi kubishana nayo."

"Ni ya leo, Mwalimu."

"Sasa wiki ijayo nataka namba."

"Sawa."

"Na uso pia."

Mama alinitazama. "Na uso?"

"Uso, gunia, namba. Zote kwa picha moja."

"Na hii nyumba, Mwalimu?"

"Nyumba imefanya nini? Kaeni. Kongoi." Ni asante ya lugha yao. Akakata.

Mama alibaki na panga mkononi. Sikuona kama amefurahi. Aliuliza kama kweli mkono wa mtu unaweza kufika mbali hivyo, ushike simu, uingize uso na mizani pamoja. Tukajaribu pale pale, yeye amempa ng'ombe mgongo, mimi nikimwambia inua, shusha, sogea. Mara ya kwanza ng'ombe alikosa kichwa. Mara ya pili mama ndiye alikosa kidevu.

Siku ya kupima iliyofuata ilianguka Jumamosi, na kulikuwa kunanyesha tangu alfajiri. Mama aliondoka na gunia mgongoni na simu ndani ya karatasi ya mkate. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa chake cha kanisani.