Kiti cha Nyuma Kabisa

Mimi ni dalali wa magari mjini Jinja, na kazi yangu ni maneno. Zamani mteja akiniuliza lipi zuri kati ya magari mawili makubwa ya kifahari, nilimjibu kabla hajamaliza swali. Nimesifu viti vya ngozi, nimesifu paa la kioo, nimesifu mpaka harufu. Siku hizi naanza kwa kumuuliza nani atakaa nyuma. Somo hilo nilipewa na mama mkwe wangu, wakati ambao alikuwa haoni.

Ni mjane wa askari magereza, anaishi mlimani juu ya Mbale, huko ambako lami inakuaga mapema. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, polepole, kwa miaka. Mara ya mwisho aliponiona vizuri nilikuwa bwana harusi. Kisha tukasikia kwamba madaktari wa macho wamekuja Jinja kwa wiki moja, wanapasua, halafu Ijumaa wanaondoka zao. Usafiri wa basi mama hakutaka hata kuusikia. Aliwahi kusukumwa stendi akaanguka, akaapa. Mke wangu akanitazama tu. Nilijua maana yake: si wewe ndiye mtu wa magari?

Wakati huo nilikuwa na magari mawili ya haji mmoja, mfanyabiashara wa jumla, yakingoja wanunuzi. Haji aliniruhusu nichukue nitakalo, kwa sharti moja.

"Peleka mama, bwana. Lakini usukani usipe mtu mwingine. Ukipa mtu, mimi na wewe kwisha."

Nikachagua jeusi. Nani asingelichagua? Likiwaka unadhani limezima. Viti vyake vinakukanda mgongo. Ukilisimamisha unabonyeza kitufe, linajishusha lenyewe mpaka mama mzima anaingia bila kupandisha gomesi, lile gauni refu la kwetu. Udhaifu wake niliujua pia: matairi yake hayapendi mawe, na taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, fundi wa mji mdogo kama Buwenge anafunga boneti na kukupa pole. Lakini nilijiambia kwamba safari moja haiwezi kuniaibisha.

Gari kweli halikuniaibisha. Nilijiaibisha mwenyewe. Jumanne, baada ya kupanda mlima polepole kwa kuogopa mawe, tulimkuta mama kibarazani, amevaa gomesi ya sikukuu, mkoba mapajani. Mimi nilisogea mbali. Mke wangu akamshika mkono mpaka mlangoni, gari likajishusha, mama akacheka kwa kulisikia. Akapapasa kiti. Akapapasa mgongo wa kiti cha dereva. Kicheko kikaisha.

"Hii gari nani naendesha?" akamuuliza binti yake, kwa Kiswahili chake cha kambi ya magereza.

"Baba watoto."

"Na yeye nakaa hapa? Karibu na magoti yangu hapa?"

Mama akautoa mguu aliokuwa ameshautia ndani.

"Mimi hapana ingia. Afadhali bakie hivi hivi."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote tangu nimwoe binti yake, sijawahi kukaa chumba kimoja na mama huyu, wala kumpa mkono, wala kula naye. Kwao Wagisu na kwetu Wasoga ni yale yale: mwanamume akimkaribia mama mkwe, wanasema mikono yake itatetemeka mpaka uzeeni. Dini yangu haioni kosa hapo, na shehe ametufundisha mara nyingi kwamba mama mkwe ni maharimu. Lakini mlimani shehe hayupo. Na mimi, niliyezaliwa ndani ya desturi hiyo, nilipima kila kitu katika gari lile isipokuwa umbali kati ya kisogo changu na magoti yake. Nilisahau kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kulisifu.

Tukarudi bila yeye. Tulipofika Iganga mke wangu akasema tu, "Ijumaa wanaondoka." Nilikasirika. Kwanza na mama, kisha na mila, mwishowe nikabaki na mtu mmoja tu wa kumkasirikia.

Jumatano asubuhi tukapanda tena mlima na lile jeupe, gari la pili la haji. Hili sikuwa nalipenda. Linakunywa petroli bila haya, kwenye kona linayumba, na viti vya safu ya tatu ni vigumu; wateja nilikuwa nikiwaambia ni vya mizigo. Lakini linapanda mawe kama mbuzi, na hiyo safu ya tatu lilikuwa nayo. Tulifunga shuka kwenye vishikio vya juu ya madirisha, ikaligawa gari. Kioo cha ndani nikakigeuzia darini. Mke wangu akakunja kiti cha katikati na kuweka kigoda mlangoni, nami nikaenda kusimama migombani, nimewapa mgongo, nikisikiliza. Kupanda kulichukua muda. Gomesi ilinasa, kigoda kikayumba, mama akatoa neno la kambini ambalo sitaliandika. Kisha nikasikia mkono wake ukipapasa mbele yake.

"Yeye iko mbali?"

"Mbali, mama. Mimi niko katikati yenu."

"Basi twende."

Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu Jumanne. Niliendesha kwa vioo vya pembeni tu, na kila shimo nililihisi kwa niaba ya mgongo wake. Hakulalamika hata mara moja. Jeusi lingembeba kama yai, kama angekubali kulipanda.

Alhamisi wakampasua jicho la kulia. Ijumaa wakafungua bandeji. Mimi sikuwepo chumbani, bila shaka. Mke wangu alitoka analia, nikaogopa, mpaka nilipoona kwamba anacheka pia.

Siku hiyo hiyo tukamrudisha. Tulipofika kwenye mashamba ya mpunga, mlima umeanza kujitokeza mbele, sauti ikatoka nyuma ya shuka.

"Toa hii kitu. Nataka ona njia."

Mke wangu akaisogeza. Nikakaza macho barabarani. Kisha kile kicheko cha Jumanne kikarudi.

"Ambia bwana yako," mama akasema, "kichwa yake huku nyuma imejaa mvi. Alikuja kuoa iko nyeusi yote."

Kutoka safu ya tatu, kwa jicho moja! Mke wangu akanifikishia ujumbe neno kwa neno, kama inavyopasa, ingawa nilikuwa nimeusikia wote. Nami nikajibu kupitia kwake: "Mwambie mama, asante."

Sikuweza kuongeza zaidi. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka kwenye usukani, na sikuwa nimemkaribia hata kidogo.