Tisheti ya Korongo

Kabla hajawa mlinzi wa yadi ya mbao, Kigen alikuwa dereva wa lori la bia, na hakuna baa kati ya Nakuru na Mau Narok ambayo hakuipigia honi. Watoto walilijua lori lake kwa mbali. Alikuwa na peremende mfukoni na wimbo mdomoni, na kifuani tisheti nyekundu ya kampuni, yenye korongo mweupe aliyesimama kwa mguu mmoja juu ya jina la bia: Korongo Lager. Bia hiyo aliibeba kwenye lori na aliibeba tumboni vilevile.

Kisha siku moja akaacha kunywa. Hakuaga mtu. Aliacha pombe, akaacha na lori, akaanza kwenda kanisani na mkewe Chepkurui, akikaa benchi la nyuma. Watu walimpongeza, ila hakuna aliyemuuliza kilichomfanya aache. Baada ya hapo hata bia yenyewe ilikosa wanywaji, ikapotea madukani. Kigen akawa mtu wa maneno machache. Hakupandisha sauti wala hakucheka kwa nguvu, kwa maana aliiogopa nafsi yake jinsi mtu anavyomwogopa mbwa aliyewahi kumuuma.

Likizo ya Aprili mwaka wa 2008, binti yao Kimberly alirudi kutoka shule ya bweni, na Kigen akampeleka mjini kumnunulia sweta. Walienda kwa Ishwarlal, muuzaji wa sare za shule tangu zamani. Mlango wa chuma wa duka la jirani ulikuwa bado mweusi kwa moshi wa ghasia za uchaguzi za Januari, na mwenye duka hakuwa amerudi. Kwa Ishwarlal kulikuwa wazi, lakini kona moja mwanawe, Jaydeep, alikuwa ametundika tisheti za rangi rangi.

"Karibu mzee," Jaydeep alisema. "Sister, angalia hizo. Zimeingia juzi tu."

Kimberly alizipekua moja moja. Zote zilikuwa na nembo za bia za kitambo: ndovu, simba, mapipa, taji. Ghafla mkono wake ukasimama. Alitoa moja nyekundu iliyopauka, herufi zake zimepasukapasuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Korongo alikuwa bado kwenye mguu wake mmoja.

"Hiyo ni mtumba?" Kigen aliuliza.

Jaydeep alicheka. "Mpya kabisa, mzee! Zinachapishwa hivyo makusudi zikae kuukuu. Hiyo ndiyo stailo ya vijana saa hii. Hiyo bia yenyewe hata haipo tena."

"Najua," Kigen alisema.

Kimberly alikuwa ameshasimama mbele ya kioo, tisheti ameishikilia kifuani, uso umemng'aa. "Dadi, si unaikumbuka? Ulikuwa na kama hii!"

"Irudishe."

"Sweta yangu bado inanitosha. Ninunulie hii badala yake."

"Nimesema irudishe. Mtoto wangu hatavaa pombe."

"Ni picha ya ndege tu, dadi."

"Kimberly."

Msichana aliirudisha mahali pake, akainyoosha mabega kwa upole kama anayemvisha mtu. Kisha akamgeukia baba yake, na machozi yalikuwa karibu. "Wakati ulikuwa unavaa hii ulikuwa unacheka. Ulikuwa unanibeba mabegani, unaimba mpaka majirani wanatoka nje. Saa hii unakaa kwa nyumba kama askari jela. Heri ungeendelea tu kunywa."

Jaydeep aliinama, akaanza kukunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Kigen alitoa pesa mfukoni. Alilipa sweta. Njia nzima hadi mtaani kwao Kaptembwa Kimberly alitembea mbele, naye akamfuata na mfuko wa karatasi mkononi, asiweze hata kumwambia apunguze mwendo.

Nyumbani Chepkurui alikuwa akimenya viazi. Kisu alikishika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa kiwiko cha kulia hakikuwa kikinyooka. Kimberly alipoenda kuteka maji, Kigen aliketi kwenye stuli, akamweleza mkewe yote.

"Nataka kumwambia," alimalizia.

"Umwambie nini?"

"Huo mkono. Kwamba si kuteleza uliteleza bombani. Kwamba yeye alikuwa kwa nyanya yake Mau Narok, na mimi nilikuja na lori, nimelewa, na..."

"Baba Kimberly." Chepkurui hakuinua macho kwenye viazi. "Kila uliponipiga, nilihakikisha huyo mtoto amelala ama hayuko. Nilidanganya majirani, nikadanganya daktari, nikamdanganya yeye, ndio awe na baba. Leo unataka kumnyang'anya, ndio roho yako itulie?"

"Ananichukia, Mama Kimberly. Ananichukia kwa kuacha!"

"Wacha akuchukie. Wewe unachukiwa kwa kosa ambalo hukufanya. Mimi nilipigwa kwa makosa ambayo sikufanya, na nilinyamaza."

Kigen aliinama, akaokota maganda ya viazi sakafuni.

Siku ya soko iliyofuata, Chepkurui mwenyewe alimpeleka binti yake kwa Jaydeep, na Kimberly akarudi amevaa ile tisheti. Kigen hakuulizwa. Msichana aliivaa asubuhi na jioni, akaifua na kuivaa ikiwa bado mbichi, na Kigen akala ugali wake akitazamana na korongo.

Kabla likizo haijaisha, Kosgei, aliyekuwa tanboi, msaidizi wake kwenye lori, alipita kuwasalimu. Alipomwona msichana mlangoni alipiga kofi pajani. "Korongo! Kigen, ona ndege wetu!"

Basi zikaanza hadithi. Jinsi lori lilivyokwama kwenye tope na wanakijiji wakalipwa kwa bia. Jinsi Kigen alivyomwimbia polisi wa kizuizi mpaka polisi naye akacheza. Kimberly alisogeza kiti karibu, akacheka hadi akashika mbavu. "Na baadaye? Akafanya nini?" Kosgei akaongeza chumvi, na Chepkurui, akimimina chai, akacheka pia. Hakikuwa kicheko cha kumridhisha mgeni. Alicheka kwa moyo, kama mtu aliyemkumbuka marehemu aliyempenda.

Kigen aliyaona hayo. Kiu ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu ilimshika koo kama mkono. Aliinuka, akachukua koti lake na rungu.

"Kwani zamu yako si ya jioni?" Kosgei aliuliza.

"Mwache," Kimberly alimwambia mgeni. "Ndivyo alivyo siku hizi."

Kigen alipita baa ya kwanza, na ya pili, ambako mtu alimwita kwa jina. Hakugeuka. Alifika yadini jua likiwa bado juu, na mlinzi wa mchana akamshangaa.

"Umekuja mapema, mzee."

"Nyumbani kuna mgeni," Kigen alisema, akavuta gogo, akaketi langoni.